Dirisha Jeusi Kwenye Mashine Yetu

Area D, Dodoma

Mwanangu Salma,

Naanza na lile utakalolitafuta kwanza, usije ukapekua karatasi zote ukiwa garini. Mashine inaonyesha picha. Lile dirisha jeusi limepona. Harusi ya binti wa Mzee Chilongani inaonekana yote, maharusi, kamati, mbuzi wa ndafu na nyanya yake mdomoni, mpaka yule mjomba aliyesinzia meza kuu. Kwa hiyo ile sababu uliyompa mama yako jikoni, kwamba huwezi kwenda kuanza kazi Mwanza ukaniacha na kompyuta iliyopofuka, haipo tena. Kesho alfajiri basi likiondoka, liondoke na wewe ndani.

Nimeliandika mapema kwa sababu najijua. Nikiliacha mpaka mwisho, naweza kufika mwisho nikaliruka.

Sasa ni alasiri. Umetoka kwenda kumwambia shangazi yako Makole kwamba husafiri tena. Mama yako yuko uani anakaanga karanga za safari kana kwamba hakukusikia, na nimejifungia humu studio kama mtu anayefanya hesabu. Umeme upo, ila unajua hali ya mgao, maji ya Mtera yamepungua na zamu yetu haijulikani inaanza lini. Kila feni ikilegea naacha kalamu na kutazama taa. Hiyo ndiyo akili anayokuandikia nayo baba yako, uisome hivyo hivyo.

Mambo ya maji ya kunywa, sweta, na mtu wa kukaa naye kiti kimoja, hayo yote mama yako atakwambia, tena atayarudia. Mimi nina jambo moja, na limenikaa kooni tangu juzi. Kulifikia inabidi nianze nyuma kidogo.

Jumamosi iliyopita ulipokwenda sokoni, niliifungua mashine.

Nilikuwa nimekaa hapa naitazama, nikawaza, Salma akishaondoka hiki kitu kikilala nani atakiamsha? Wewe ndiye uliyeileta Linux humu ndani, baada ya virusi vya sidii za wateja kutuharibia kazi za mwezi mzima. Mimi ninachojua ni kuwasha, kukata, kuunganisha na kuzima. Nikaona afadhali niitangulie shida. Upepo huu wa Dodoma unaujua, kila jioni tunafuta meza na asubuhi tunaandika majina yetu juu yake. Zamani za kaseti kubwa, picha ikianza kutikisika, nilifungua deki, nikasafisha vichwa kwa spiriti na kitambaa laini, picha ikarudi. Mkono umezoea hivyo. Basi nikafungua skrubu, nikapuliza, nikafuta, nikaichomoa na ile kadi ya picha nikaisugua kwa spiriti. Nikawasha mashine bila kadi, nione tu kama ina uhai. Nikazima, nikairudisha kadi. Ilipowaka ikaanza kuniuliza maswali ya Kiingereza, kimetoka hiki, kimeingia hiki, nifanyeje? Nikajibu ndiyo kwa kila swali, ili inyamaze.

Halafu nikafungua programu ya kuhariri. Sauti ikaja. MC wa harusi ya Chilongani akapiga kelele, "Wapi vigelegele?" na vigelegele vikajibu, ila pale kwenye dirisha la kutazamia palikuwa peusi tii.

Uliporudi uliweka kikapu chini, ukatazama, ukaniuliza, "Baba, umegusa kitu?"

Nikakujibu, "Niguse nini mimi?" Tena kwa ukali, ili usiulize tena.

Ukakaa kwenye hiki kiti na kuanza kazi. Nilisimama nyuma yako nikijifanya napanga kaseti, kumbe nakutazama. Kwanza ulichukua kamera ukaiunganisha na televisheni ya sebuleni, kaseti ikaonyesha vizuri. Ukalicheza lile faili kwa programu nyingine, likaonyesha vizuri. Ukageuka ukaniambia, "Kazi yote iko salama, Baba. Kilichokufa ni dirisha tu." Nikashusha pumzi kidogo. Ukaificha mipangilio yote ya zamani ili programu iamke kama imezaliwa leo, ikaamka, bado giza. Jumapili asubuhi ukaifuta, ukaiweka upya kutoka kwenye sidii, bado giza. Jumatatu ukaenda intaneti kafe mjini ukawaandikia watu wa nchi za mbali ambao hatuwajui, na mmoja wao akakujibu. Ukarudi na karatasi umeichapisha, ukanisomea.

"Baba, wanauliza kama kuna kitu kilibadilishwa ndani. Kadi, au draiva yake."

Draiva ulishanieleza ni nini, ni kile kijiprogramu kinachoifundisha mashine kuongea na kadi. Nilijua kabisa nilichofanya. Karatasi ilikuwa inanitaja mimi, ilikosa jina tu.

"Waambie hakuna," nikasema.

Ukanitazama kidogo, ukakunja karatasi ukaiweka hapa mezani. Siku ile nilidhani umeniamini.

Unajua mimi ni mwoga. Mama yako husema kwa utani kwamba nikiona mawingu nahamisha godoro. Sikuzaliwa hivi, au labda nilizaliwa hivi nikapata sababu baadaye. Ulikuwa mdogo serikali ilipoanza kupunguza watu, na jina langu likawemo. Asubuhi nilikuwa karani mwenye meza na mhuri, jioni nikawa mtu wa nyumbani. Wenzangu walifungua vibanda, mmoja akanunua mashine ya kusaga, mimi nikanunua kamera. Watu wote wa mtaani walijua nimechanganyikiwa. Ndugu zangu walitumwa waje kuongea na mimi. Tangu hapo nalala sikio moja liko macho, na chochote kilicho kizima nakiona kama kitu kinachojiandaa kuharibika.

Nikuambie habari ya harusi ya Mtera, maana hukuwepo na sijawahi kuisimulia nikicheka. Ilikuwa harusi yangu ya kwanza ya nje ya mji. Binti wa mvuvi mmoja anaolewa, watu wamepangwa ukingoni mwa bwawa, jua kali. Nikaweka jicho kwenye tundu la kamera, naona picha ina giza. Nikafungua mwanga. Bado naona giza. Nikafungua tena. Nilipiga harusi yote hivyo, naongeza mwanga kila saa. Kumbe usiku wake, kwa kuogopa betri kuisha, mimi mwenyewe nilikuwa nimepunguza mwanga wa kile kitundu cha kutazamia. Picha ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Kwenye kaseti kila mtu akawa mweupe kama amemwagiwa unga, na maji ya bwawa hayakuonekana kabisa. Baba wa bibi harusi aliitazama kaseti yote hapa sebuleni, kimya, kofia iko magotini. Mwisho akatafuta neno la kunipa. "Viatu vimetoka vizuri," akasema. Nilitamani anitukane.

Na la Kondoa unalikumbuka mwenyewe. Kidato cha kwanza, bweni, nikaja kila wiki ya pili na maparachichi na dawa ya kikohozi, mpaka wenzako wakaniita mlezi wa zamu. Muhula wa pili nikakurudisha Dodoma, nikasema una kifua. Hukuwa na kifua, Salma. Nilikuwa nakutazama kwa tundu lile lile la Mtera. Ulilia kutoka Kondoa mpaka tunaingia mjini, nikajidanganya kwamba unalia kwa ugonjwa.

Sasa nije kwenye juzi.

Ulikwenda kwa fundi kuchukua magauni yako. Nikaichukua ile karatasi nikakaa nayo na kamusi ya shule uliyoiacha. Yule mtu wa mbali alikuwa ameeleza kwa upole mno. Anasema programu ina njia mbili za kuonyesha picha. Njia ya kwanza ni fupi, programu inaikabidhi kadi picha, kadi inaichora. Ya pili ni ndefu, programu inachora yenyewe, polepole, bila kuisumbua kadi. Kama mashine imesahau namna ya kuongea vizuri na kadi, njia ya kwanza inabaki giza na haisemi kwa nini. Jaribu ya pili, anasema. Programu ikiwekwa upya inarudi tu kwenye ile ya kwanza, nikaelewa kwa nini jasho lako la Jumapili lilikwenda bure.

Nikaingia kwenye mipangilio, ukurasa wa kuchezea, nikalikuta neno lenyewe. Nikalibadilisha. Nikafunga programu, nikafungua tena.

Bibi harusi huyo, anakata keki.

Nililia, nisikufiche. Mzee mzima na ndevu zake analia mbele ya keki ya watu. Kwenye muziki picha inakwamakwama kidogo, ile ngoma ya Kigogo wanaruka na kubaki hewani kisha wanashuka, lakini ipo. Nilitaka nitoke nje nimwite mama yako, niwaite majirani, nikungoje getini.

Halafu nikasikia geti.

Nikanyoosha mkono nikazima kioo cha mashine.

Uliingia na magauni mkononi. "Vipi, Baba?"

"Bado giza."

Ukasimama pale mlangoni. Ukasema, taratibu, "Basi nitawapigia Mwanza. Niwaombe wiki moja."

Nikafurahi. Nataka uone nimeliandika, kwa hiyo naliandika tena, nilifurahi. Tangu wale wa kituo kipya cha televisheni walipokuita kazini sijawahi kulala usingizi ukanifikia miguuni. Kila nikifumba macho naona basi limelala ubavu njia ya Singida. Naona ukuta wa chumba chako cha kupanga una ufa. Naona mtu mzima mwenye cheo amesimama nyuma ya kiti chako. Usiku ule, baada ya kusema uongo, nililala kama gunia.

Jana ukawapigia simu. Nilikuwa hapa dirishani, nakusikia unavyosema "ndiyo" na "naelewa" na "asante." Ukaja ukatuambia wana mtu mwingine anasubiri. Usiporipoti Jumatatu nafasi ni yake. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi, haikuwa riziki. Siwezi kumwacha Baba na hii hali." Ukaingia chumbani.

Hapo mtu mwenye moyo angesema. Mimi usiku nilikuja humu, nikafunga mlango, nikawasha kioo na kuendelea na kazi ya Chilongani, sauti nimeipunguza mpaka nikadhani haivuki mlango. Nilikuwa nasawazisha pale MC anapoita vigelegele. Mama yako akaingia na chai. Sikuwahi kuzima.

Alitazama kioo, akanitazama. Aliiweka chai juu ya kile kitambaa alichokidarizi cha kufunikia spika.

"Kumbe inawaka," akasema.

"Usimwambie."

"Tangu lini?"

Mama yako akavuta khanga yake begani.

"Mimi simwambii," akasema. "Huyu ni mtoto wako kama alivyo wangu. Lakini asipopanda basi, utamweleza mwenyewe, kwa mdomo wako, mwaka hata mwaka, kila atakapokuuliza kwa nini yuko hapa."

Akatoka. Chai ikapoa.

Leo tangu alfajiri namwaza Bibi yako wa kijijini Busi. Kisa hiki unakijua, ulikuwa unakitaka kila likizo, lakini nilikuwa nakikatisha nusu. Siku naondoka kuja kuanza kazi huku, lori la mazao lilikuwa linasubiri njia panda. Sanduku langu lilikuwa tayari tangu jogoo wa kwanza. Mimi nikaanza kulikagua zizi la mbuzi. Nikaona fito moja imelegea, nikaifunga. Nikaona nyingine. Zizi lilikuwa zima, Salma, nilikuwa nafungua zilizokaza ili nizifunge upya. Mama akatoka na mchi wake mkononi, uwele umemganda mpaka kwenye viwiko. Hakunikumbatia wala hakulia. Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye na mimi alisema Kirangi maisha yake yote, kwa Kiswahili kile cha kuwafukuzia wageni waliopitisha muda: "Bado upo? Ondoka, lori litakuacha."

Nikaondoka na hasira. Nilikaa miaka nikimwambia kila mtu mama yangu alinifukuza. Alipokuwa anaumwa mwisho wake nilikwenda, dada yangu akanieleza kwamba lori lilipozunguka kilima Mama alirudi zizini, akakaa chini kati ya mbuzi, na uwele wa siku ile haukutwangwa. Hayo ndiyo niliyokuwa nayakatisha.

Sikupi wosia, sina. Ukifika huko utakaa mbele ya vioo vikubwa kuliko hiki na siku moja kimojawapo kitakuwa cheusi, na watu watakuwa wanakukimbiza. Utafanya kama ulivyofanya hapa, utauliza kwanza kama kazi yenyewe ni nzima, na unajua kuuliza kuliko mimi. Ila mtu akikwambia hajagusa kitu, mnuse mikono.

Na nikikupigia simu nikakuuliza mara tatu kama umekula, jua ni hilo dirisha la kichwani mwangu. Linaonyesha giza. Wewe mwenyewe uko salama, nimekutazama kwa macho haya ukikaa kwenye kiti hiki, unajua unachofanya. Nijibu tu kwamba umekula.

Nasikia geti. Nitasema kwa mdomo wangu. Naiacha kalamu kabla sijabadilisha nia.

*

Nimerudi. Nyumba imelala, au inajifanya. Kwa kuwa utaisoma barua hii ukiwa peke yako, naandika yaliyotokea kama nilivyoyaona mimi, maana wewe hukuwa unaniangalia usoni.

Nilikuita humu ndani. Nikawasha kioo. Keki ikatokea. Nikasema, "Tangu juzi." Maneno hayo mawili niliyafanyia mazoezi tangu mchana.

Hukushtuka. Ukavuta kile kigoda ukakaa, ukawa unamtazama bibi harusi.

"Najua, Baba," ukasema. "MC wako jana usiku aliita vigelegele mpaka nikataka kumjibu. Nani anarudia sehemu moja vile kama haioni?"

Nikacheka kwa aibu. Nilidhani yameishia hapo. Nikakwambia basi na la kuifungua nalo, Jumamosi, spiriti, na maswali niliyoyajibu ndiyo.

"Hilo nalo najua."

"Unajuaje?"

"Jumapili ulipokwenda msikitini kuswali adhuhuri niliifungua mashine." Ukaanza kucheza na pindo la khanga yako. "Nikakuta ndani hamna vumbi. Dodoma hii, Baba. Mwezi huu wa upepo, mashine inakaa dirishani, halafu ndani safi kama sahani. Na kadi inanukia spiriti."

Nikanusa vidole vyangu. Feni ikawa inazunguka juu yetu.

"Kwa hiyo ulijua ni draiva."

"Nilijua."

"Ungeweza kuirudisha."

"Kwa dakika chache tu, hata chai isingepoa."

"Sasa kwa nini ulikwenda kuandika kule intaneti? Kwa nini ulihangaika siku zote hizi?"

"Ile karatasi niliileta ili nikusomee lile swali. Nilifikiri utasema." Ukaendelea kulikunja lile pindo. "Hukusema, nikashukuru."

"Ukashukuru nini? Kwa nini hukuitengeneza, Salma?"

Ndipo ukanitazama, na sura yako ilikuwa ile ya Kondoa, ya siku ya kwanza bwenini, kabla sijaanza kukuletea maparachichi.

"Kwa sababu ingepona, Baba."

Salma mwanangu. Siku zote hizi nilikuwa najiona mwizi mmoja peke yake ndani ya nyumba. Kumbe tulikuwa wawili tumekaa gizani, kila mmoja ameshika swichi, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Nilifikiri woga huu nimeuacha kwangu. Nimekulea kwa mikono hii, na mikono hii ndiyo iliyokufundisha kutafuta fito iliyolegea.

Ukasema ukitazama chini, "Mimi naogopa kule. Nilikuwa nasubiri unifukuze kama Bibi alivyokufukuza wewe. Siku zinakwisha, hunifukuzi. Nikaona basi na wewe hutaki, nikae."

Nilipaswa kusema pale pale. Neno lilifika hapa mdomoni. Badala yake nikasema, "Nenda kalale, safari ni ndefu." Ukasimama, ukaniuliza, "Nikurudishie draiva kwanza? Picha isikwamekwame." Nikakataa, ukanuna kidogo. Nikueleze sasa kwa nini nilikataa. Ungeirudisha draiva, ukaona na kitu kingine, mimi nikakuonyesha cha tatu, na alfajiri ingetukuta wote wawili tumeingiza vichwa ndani ya hilo sanduku huku basi linavuka Bahi. Acha ikwamekwame. Chilongani hatajua, kwenye kaseti yake itakwenda sawa, ni humu tu ndimo wachezaji wanapobaki hewani, na nimeshawazoea. Utairudisha utakapokuja kwa sikukuu, nikiwa nimekutunzia vumbi lote la miezi hiyo bila kuligusa.

Nimepita mlangoni kwako sasa hivi. Taa inawaka. Nimesikia zipu ya begi ikifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Begi ni zima, mwanangu. Naijua sauti hiyo, ni ya mtu anayefunga zizi la mbuzi.

Sitaki upande basi ukidhani baba yako amekuruhusu tu kwa kuwa kioo kimewaka. Hata kingebaki cheusi mpaka kiama ningetaka uende. Nimechelewa kukwambia, na mdomo umenishinda usiku huu, lakini asubuhi nitakaa pale uani na nitakapokuona unakagua begi kwa mara nyingine nitalisema, kwa sauti, mama yako asikie na majirani wasikie. Usinikasirikie miaka kama mimi nilivyofanya. Likikukaa vibaya, jua kwamba mimi nimerudi humu studio, nimekaa chini, na kazi ya siku hiyo haijafanywa.

Nalianzia hapa, nizoee kulisema.

Bado upo? Ondoka, mwanangu, basi litakuacha.

Ni mimi baba yako,
niliyegusa.